Miparachichi inanyauka bondeni na udongo umelowa, shida nini?

MkulimaNjombe: Wakuu heshima zenu. Nina miparachichi aina ya Hass huku Njombe inaingia mwaka wa nne. Ya mlimani iko fresh ila ya bondeni tangu mvua kubwa majani yamekuwa madogo ya njano, yananing'inia kama yana kiu na udongo umelowa chapachapa. Matawi yanakauka kuanzia nchani halafu mti umejaza vitunda vidogo visivyo na soko. Jirani anasema nimwage Urea, mnaonaje?

Kijana_wa_Makete: Njaa hiyo, piga samadi

shambani_tu: Urea acha kwanza mkuu. Chimbua pale majani yanapoishia, kina cha kiganja tu, tafuta vile vimizizi vyembamba. Vizima vinakuwa vyeupe na vinapinda, vikiwa vyeusi na vinakatika kama njiti ya kiberiti basi ni Phytophthora cinnamomi, kimelea kinachoozesha mizizi. Wengi wanaiita fangasi ila siyo, iko karibu zaidi na mwani wa kahawia, na vijimbegu vyake vina mikia vinaogelea kwenye maji ya udongoni vikifuata mizizi, ndo maana imeanzia bondeni, na ndo maana ukimwaga kabendazimu, dawa ya fangasi, unapoteza hela tu. Mti una maji tele ila hauna cha kunywea.

Wa_Muranga: Hiyo tunaijua huku Murang'a. Ukipanda tena weka mche juu ya tuta, nusu mita hivi, si kwa shimo. Na gumboots na jembe ukitoka huko chini osha matope kabla uende juu, hapo ndio watu hujiletea wenyewe. Miche nayo, mingi ni Hass imebebeshwa kwa mbegu ya kienyeji. Ukipata iliyobebeshwa kwa shina la chini aina ya Dusa, ya Afrika Kusini, chukua hata kama bei imepanda, si ati haishikwi lakini inavumilia.

MkulimaNjombe: Nimetoka kuchimbua sasa hivi. Bondeni vyeusi tii, mlimani vyeupe 😭 Kuna miwili imebaki mifupa, ning'oe nipande mingine hapohapo?

shambani_tu: Ng'oa ila parachichi usirudishe hapo, kimelea huyu anakaa udongoni miaka na miaka. Weka mahindi. Upande wa juu wa hapo chimba mtaro maji yapite pembeni. Ile yenye majani bado ichome sindano ya dawa ya fosfonati kwenye shina, Afrika Kusini wanafanya hivyo siku nyingi, inashuka mpaka kwenye mizizi. Punguza matunda, tandaza nyasi kavu nene ila zisiguse shina. Udongoni haitaisha, mti ndo unapata nguvu ya kutoa mizizi mipya.

MkulimaNjombe: Shukrani sana. Hiyo fosfonati naipata duka la pembejeo?

shambani_tu: Ulizia makubwa, soma kiambato kwenye lebo: potassium phosphonate. Wakikupa mbolea ya fosfeti wakasema ni ileile, ondoka.