Tupeane uzoefu: mlioingia jeshini mkiwa bado madogo vita ya Kagera, mkitaka kurusha ndege

Mleta uzi

Wakuu heshima kwenu, wazee wote humu shikamooni.

Stori nyingi za vita ya Kagera zinaanzia Kyaka zinaishia Kampala, ni za watu wa miguu na mizinga, majenerali wakina Musuguri na Mayunga tumeshasimuliwa mpaka basi. Kuna kundi lingine silisikii kabisa, wale madogo waliokuwa form two, form four, wengine wametoka kumaliza la saba, Oktoba 1978 ndege za Idi Amin wa Uganda zikapiga Bukoba, tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akahutubia ile ya sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, wakabeba miguu yao kwenda kujiandikisha na kichwani wana kitu kimoja tu, mimi narusha ndege.

Baba yangu mdogo alikuwemo. Ana miaka 17 akaandikisha 19, cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho enzi hizo, wakamwangalia meno na nyayo akapita. Ukimuuliza alirusha ndege gani anacheka anabadilisha mada.

Mliopitia huko tupeni uzoefu, ulipangiwa nini na ndege uliiona kwa karibu? Watoto wa askari ruksa, ila stori za vijiweni hapana.

Kuruta Mstaafu

Marahaba wanangu. Mimi nilikuwa form three shule ya bweni, sitaitaja. Tulitoka usiku watu wanne kupitia dirishani tukatembea mpaka barabara kuu tukadandia lori, maana siku zile malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na chakula kule juu, kwahiyo lori linaloelekea huko we unapanda tu hakuna wa kukuuliza. Tulivofika depo afande mmoja akasimama mbele ya kombania akauliza nani anataka anga. Aisee kombania nzima mikono juu! Akacheka sana yule bwana, akasema haya, anayejua kutafuta kipeuo cha pili cha namba abaki kanyoosha, wengine shusha. Tulibaki wachache mno. Mi hesabu nilikuwa naziweza na ndo kilichoniponza.

Nikapelekwa Ngerengere, kituo cha ndege za vita kule Morogoro. Kwanza niwaambie ile ndege ni ndogo, MiG, ndege yetu ya vita, ukiisikia angani unadhani ni jumba linapita, pale chini mtu mrefu anaigusa bawa bila kupanda kitu. Halafu inanuka mafuta ya taa sababu kimsingi ndo inachokunywa, ikawa shuka linanuka mafuta ya taa, ugali unanuka mafuta ya taa, sisi wenyewe ndo usiseme. Marubani walikuwa watu wazima waliosomeshwa China, sisi hata kuwasogelea hatusogelei, ukipishana nae unabana ukuta.

Kazi ya kwanza asubuhi kabla jua halijatoka ni kuokota mawe. Mnapangwa mstari mmoja bega kwa bega kukata upana wote wa njia ya kurukia, mnatembea taratibu macho chini, kokoto, msumari, kipande cha waya, nati, kila kitu kwenye kopo. Injini ile inavuta hewa kwa mbele, kijiwe cha ukubwa wa punje ya hindi kikiingia kinakata mapanga ya ndani na hapo huna ndege tena. Afande anatembea nyuma yenu na yeye anaangalia, akiokota nati uliyoiruka wewe basi hiyo nati unafungiwa uzi unaivaa shingoni siku nzima, na kichura juu.

Kazi ya pili hiyo niliipenda. MiG ikitua inafungua mwamvuli nyuma wa kuipunguza mwendo, rubani akishaona inatosha anauachia unabaki pale kwenye lami, sisi madogo tunachomoka mbio kuuwahi kabla upepo haujauburuza majanini. Mnaukung'uta, mnakagua kamba moja moja, mnaukunja kwa mpangilio wake, halafu wawili mnaukandamiza kwa magoti mpaka uingie kwenye kifuko. Ukikunja vibaya haufunguki, na usipofunguka ndege inaweza kumaliza lami yote ikaingia porini na mtu ndani. Kijana wa miaka 17 anapewa kitu kama hicho, usiku unalala unaziwaza zile kamba.

Kuhusu urubani pigeni hesabu wenyewe. Amin kavamia 30 Oktoba 1978, Kampala imeanguka 11 Aprili 1979. Rubani wa ndege ya vita hatengenezwi kwa miezi mitano sita. Anayekwambia alijiandikisha Novemba akiwa kinda halafu akaenda kupiga mabomu Entebbe, mwambie mzee mmoja kasema akalale.

Nshomile Mtulivu

Nati shingoni 😂😂😂 mzee shikamoo, endelea. Mi nilikuwa mtoto mdogo Bukoba, nakumbuka vioo na mama kunivuta mkono basi.

Mla Sato

Mi niliomba anga nikapewa mzinga wa kutungulia ndege. Wakaniambia si ulitaka ndege, haya utaziangalia vizuri kutokea chini.

Tulikuwa Mwanza, mzinga wa milimita 37 wa Mchina. Wawili wanakaa vitini, mmoja anazungusha gurudumu la kulia na kushoto, mwenzie la juu na chini, na kuna wa kulisha anasimama anatumbukiza klipu, risasi tano tano. Nilikuwa wa kulisha. Miaka yangu 18 kamili sikudanganya, ila mwili ulikuwa wa mtoto wa 14, wenzangu waliniwekea sanduku tupu la risasi nisimame juu yake ndo nifikie.

Kitu kilichotuchosha sio mzinga, ni darasa. Tunakaa chini mchana mzima mbele ya michoro, vivuli vyeusi vya ndege, pua, bawa, mkia, hii yetu hii ya Amin, tena, tena. Na shida yenyewe pande zote mbili zina MiG! Ukikosea jibu unaanza upya na darasa zima linaanza na wewe. Wakati ule niliona ni uonevu. Baadae ndo tukanong'onezwa, siku za mwanzo za vita ndege zetu tatu zilitunguliwa na mizinga yetu wenyewe kule Musoma. Vijana wetu ndani. Toka siku hiyo hakuna aliyesinzia kwenye lile darasa.

Sasa 29 Machi 1979. Gaddafi wa Libya alikuwa anamsaidia Amin, akatuma dege la Mrusi, Tu-22, lile linakimbia kuliko sauti yake lenyewe, lije lipige Mwanza. Watu huniuliza mlirusha ngapi. Jamani, tulisikia mngurumo, mkuu wa mzinga akapiga kelele ya mwelekeo, jamaa wa gurudumu anazungusha mpaka mishipa ya shingo imesimama, na dege limeshakwenda zake, mi klipu yangu bado iko mkononi sijaitumbukiza. Likakosa lilichofuata, likapiga kisiwa cha Saanane kwenye hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Mjini watu walicheka sana habari ya swala, sisi pale kwenye mzinga hatukucheka, kila mtu anajua zile bomu zilikuwa zimeandikiwa nani.

Ndege zetu zikaenda kulipa, zikapiga maghala ya mafuta Kampala, Jinja na Tororo. Siku hizo nilijiona na mimi nimerusha kidogo, ujana bwana.

binti_wa_aliyerudishwa

Shikamooni wazee. Baba yangu yeye hakufika hata kwenye ndege. Alimuaga bibi anapeleka ng'ombe mnadani, na kweli kijijini ng'ombe walikuwa wanakusanywa kuchangia vita kwahiyo bibi hakushtuka, jioni ng'ombe kafika salama kwa waliokuwa wanamsubiri na mtoto hayupo. Alikuwa na miaka 16.

Bibi alifunga kanga akachukua kadi ya ubatizo akaenda. Alikuwa hajui kusoma ila alijua ile karatasi ina mwaka wa kuzaliwa ndani yake, akasafiri nayo kaifunika kwenye nailoni. Alipofika getini wakamzuia, akakaa chini pale pale, akasema naondoka na mtoto au naondoka na barua ya kwamba mmemuua. Mwisho afande akamwita baba mbele ya kombania akamuuliza, huyu mama unamfahamu? Baba akasema hapana afande.

Bibi hakulia wala nini. Akamwambia afande, mvue shati, chini ya bega la kushoto ana kovu la moto, uji ulimwagikia akiwa anatambaa. Wakamvua, kovu lipo. Akarudishwa siku hiyo hiyo, viatu vya jeshi kavuliwa pale getini katembea peku mpaka stendi na mama yake mbele.

Baba aliisimulia hii tukiwa wakubwa na bibi yupo kakaa pembeni, bibi akasema tu "na ungenikana tena ningerudi tena". Wawili kati ya aliojiandikisha nao wamezikwa Kaboya kule Muleba. Baba hupenda kwenda Julai 25 siku ya mashujaa kama nauli ipo.

Mjuaji Kiasi

Samahani wakuu mi naona tunasherehekea kitu cha hovyo. Miaka 16 na 17 ni mtoto. Siku hizi mkubwa aliyeandikisha hivo angejibu.

Kuruta Mstaafu

Hakuna anayesherehekea, kijana. Ila elewa mazingira. Jeshi lilikuwa dogo, ghafla linatakiwa litanuke mara kadhaa ndani ya wiki chache, mgambo wameitwa, vijana wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, wamechukuliwa, karani pale mezani ana foleni mpaka nje ya uzio, unadhani atakuchunguza ndevu? Sikatai kilikuwa kibaya. Nimezika watu mimi.

Mwanasheria wa Mtaani

Kuongezea kidogo, itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 ndo iliyoweka kwamba aliye chini ya 18 asipelekwe mapigano na asilazimishwe kuandikishwa. Wa kujitolea chini ya hapo haijakataza moja kwa moja, imeweka masharti, ndo maana Uingereza mpaka leo wanapokea wa miaka 16 kwa ruhusa ya mzazi. Kwahiyo mkuu usidhani ni mambo ya zamani ya kwetu tu.

Service Girl 78

Mbona mnasema kujiandikisha kujiandikisha, wengine hatukujiandikisha popote, tulikuwa tumeshamaliza form six tuko JKT kwa mujibu wa sheria, vita ikatukuta ndani na miaka yetu 19. Mi nilikuwa kambi ya Makutupora, nikachaguliwa mambo ya mawasiliano sababu sauti yangu inasikika vizuri kwenye simu ya upepo, basi. Sikuwa na ndoto ya ndege hata kidogo, nilitaka ualimu.

Kazi ni kusikiliza na kuandika, huruhusiwi kuuliza maana yake, unaandika herufi na namba unampelekea afande. Ila ukikaa miezi unaanza kujua bila kuambiwa. Afande akisoma akaomba chai, mambo mazuri. Akisoma akakunja karatasi akaweka mfukoni, siku hiyo hata mpishi anajua. Wavulana walikuwa wananifuata kantini kunibembeleza niwaambie ndege zimeenda wapi, wananiletea sabuni, na sabuni wakati ule ilikuwa dhahabu, nikachukua sabuni na sikuwaambia kitu 😂

Shida kubwa ilikuja baada ya vita, Mwalimu anatuambia tufunge mikanda miezi 18, umerudi nyumbani na sifa za jeshi na dukani hakuna hata kiberiti.

Mleta uzi

Mama shikamoo, hiyo ya sabuni nimeipenda. Mzee Kuruta umetoa darasa ila kuna swali umelikwepa kama baba mdogo wangu, toka umeingia mpaka umetoka, ndege ulipanda au hukupanda?

Kuruta Mstaafu

Nilipanda. Vita imeshaisha, narudi likizo, nikapewa nafasi kwenye Caribou ya mizigo. Hakuna kiti, nimekaa juu ya magunia na mbuzi wa mkubwa mmoja kafungwa pembeni yangu. Nilitapika toka inaacha ardhi mpaka inatua, mbuzi hakutapika.