Glavu mkononi, simu sikioni: wagonjwa wetu wanalindwa na nani?

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naandika uzi huu nikiwa na hasira, lakini nitaeleza yale tu niliyoyashuhudia katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja ya hapa Unguja, ambayo sitoitaja kwa sababu sidhani kama iko peke yake katika mambo haya.

Shangazi yangu alilazwa baada ya kupasuliwa jipu la mguu. Asubuhi moja alikuja muuguzi kumsafisha kidonda, amevaa glavu mpya kama inavyotakiwa. Alipokwisha kufungua bendeji simu yake ikalia. Akaitoa mfukoni kwa mkono uleule wenye glavu, akaibana baina ya sikio na bega, akazungumza habari za michango ya harusi, akairejesha mfukoni, kisha akachukua pamba na kuendelea na kidonda. Nilimwambia kwa adabu, "Samahani dada, si ungebadilisha glavu kwanza?" Jibu lake lilikuwa kwamba glavu ndiyo kinga yenyewe, na kama mimi najua zaidi basi nimsafishe mgonjwa mwenyewe.

Glavu iliyokwisha kushika simu inamkinga aliyeivaa. Mgonjwa haimkingi kwa lolote. Simu hiyo huingia nayo chooni, hulazwa juu ya meza ya dawa, huchezewa na watoto nyumbani, hutolewa mbele ya muuza urojo wakati wa kulipa, na jioni hurudi wodini bila ya kufutwa. Mwaka 2011 watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine na wa Queen Mary, vyuo vikuu viwili vya London, walipima simu na mikono ya watu katika miji 12 ya Uingereza, wakakuta bakteria kwenye asilimia 92 ya simu, na asilimia 16 ya simu hizo zilikuwa na E. coli, bakteria ambaye makazi yake ni utumbo. Kwa maneno mengine, ni kinyesi kilichofika kwenye simu kwa njia ya mkono, na hao ni watu wasiojua adha ya kukosa maji. Wodini kwetu mfereji ulikuwa mkavu, na chupa ya kitakasa mikono iliyotundikwa mlangoni tuliikuta tupu na tukaiacha tupu.

Najua nitajibiwa kwamba simu haiwezi kupigwa marufuku, kwa sababu daktari hupokea majibu ya maabara kupitia simu, na umeme ukikatika tochi ya simu ndiyo taa. Ni kweli, wala sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba simu ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, isiguswe katikati ya kazi ya kidonda, na ikiguswa, glavu zivuliwe na mikono isafishwe upya. Kusugua mikono kwa kitakasa, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni sekunde 20 hadi 30. Mazungumzo ya harusi yalikuwa marefu kuliko hapo. Tangu mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliwaonesha madaktari wenzake wa Vienna kwamba vifo vya wanawake wanaojifungua hupungua madaktari wanapoosha mikono, na sisi leo bado tunabishana.

Kidonda kikaanza kutoa usaha. Siwezi kuapa kuwa sababu ni simu ile, na hakuna atakayeweza kuthibitisha, kwani hakuna aliyechukua usaha ule kuupeleka maabara ukaoteshwa ili ijulikane ni bakteria gani na anauawa na dawa ipi. Shangazi aliandikiwa antibayotiki, ikabadilishwa, ikabadilishwa tena, na ya mwisho tukaambiwa tukainunue nje kwa fedha zetu. Huko ni kubahatisha. Kila dawa isiyofaa huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, nao wana uwezo wa kupeana vinasaba vya usugu, hata wale wa jamii tofauti. Mwaka 2019 pekee, vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na usugu huo. (Maduka ya dawa yanayouza vidonge vinne vya antibayotiki ya amoksilini kwa mtu mwenye mafua, ugonjwa wa virusi ambao antibayotiki haiutibu, yanastahili uzi wao peke yao.)

Bakteria sugu akishapatikana wodini, simu isiyofutwa humhamisha kitanda hadi kitanda, kisha humpeleka nyumbani kwa muuguzi huyohuyo, kwa watoto wake. Kwa hiyo sisemi haya kwa kuwachukia wauguzi, ambao wengi wanafanya kazi bila ya vifaa vya kutosha na wagonjwa hawahesabiki. Lawama yangu kubwa ni kwa uongozi unaobandika ukutani picha za namna ya kuosha mikono juu ya mfereji usiotoa maji.

Kama yupo humu mtumishi wa hospitali yoyote ya Unguja au Pemba, naomba anijibu: ni nani hasa mwenye kazi ya kujaza ile chupa ya mlangoni, na akiiacha tupu, anaulizwa na nani?