Taiming cheni ya skuta na bodaboda: yako ilianzaje kulia na uliimalizaje? Tupeane uzoefu

Mtoa mada (Dar)
Wakuu habari za jioni. Nina skuta ya 125, injini ni ile GY6 ambayo Wachina wameifunga kwenye kila skuta ya bei poa, sasa imeanza kulia chaka chaka chaka upande wa feni. Nikiiwasha ikabaki inanguruma yenyewe kelele iko juu kabisa, nikivuta moto kidogo inapotea, nikiachia inarudi. Fundi wa kwanza kasema taiming cheni, ile ya ndani ya injini inayoendesha valvu, imelegea, wa pili kasema valvu tu, wa tatu kataka kushusha injini nzima bila hata kusikiliza. Kabla sijatoa hela nataka kusikia waliopitia. Na tafadhali mtu asiniambie niuze, nitauza lakini sio na kelele hii.

Mdau (Unguja)
Pole mkuu. Huku kwetu mji mzima uko juu ya vespa, na vespa tunaita yoyote hata ikiwa Honda. Ile Vespa yenyewe ya wazee, ya kuchanganya oili na petroli, haina taiming cheni wala valvu za kupima, ndio maana babangu kaipanda maisha yake yote na adha hii haijui. Yangu mie ni GY6 ya 150, nilibadilisha cheni uani na kaka yangu.

Anza na kitu cha bure. Mwaga oili, ifungue ile kofia kubwa ya chini yenye springi na kichujio cha waya ndani. Yangu ilikuwa na vipande vyeusi vya plastiki vimekwama kwenye waya, ukivibana na kucha vinakatika. Hiyo ni ile plastiki inayosimamia cheni isipige ukuta wa injini, cheni ikilegea inaanza kuitafuna. Ukivikuta usibishane na fundi yeyote tena, jibu unalo.

Cheni iko upande wa kulia, nyuma ya feni na magneti (lile gurudumu zito lenye sumaku), ndio maana unaisikia huko huko. Magneti haitoki kwa nyundo, tafuta pula yake, kile kifaa cha kuivutia, mtu akikuambia "naigonga kidogo tu" muage vizuri uondoke. Juu sasa, kemu, kile chuma kinachozunguka kufungua valvu, imeshikwa na nati nne, na hizo hizo nne ndio zimebana silinda hedi na silinda yake, kwa hiyo ukizilegeza na kuanza kuvutavuta unaweza kuharibu gasketi ya chini bila kujua halafu wiki ijayo unaona oili inavuja unasema cheni mpya mbovu. Sie tulishika silinda isinyanyuke, wakati wa kufunga tukakaza kwa msalaba kidogo kidogo, sio moja mpaka mwisho ndio uende ya pili. Tena ziba matundu kwa tambara safi kabla hujashika spana, washa, yaani ringi ya nati, ikidumbukia mle kazi imekuwa nyengine.

Mdau (Nairobi)
Niaje wadau, hii mada imenichekesha kidogo juu nina story. Beshte yangu ana nduthi (pikipiki) ya Kichina, injini ya aina ya CG125. Akapeleka kwa fundi mmoja hivi, kelele, fundi akasema timing chain imeisha, akalipishwa chain na labour, akapewa hadi chain ya zamani kwa karatasi aende nayo nyumbani aone venye ilikuwa imechoka. Jioni akanionyesha nikamuuliza hii imetoka wapi? CG haina timing chain! Valve zake zinasukumwa na fimbo ndefu kutoka chini. Honda waliitoa hiyo design 1976 na fimbo kusudi, juu watu wengi hubadilisha oil wakikumbuka tu na chain ndio hufa kwanza. Ile chain kwa karatasi ilikuwa ya pikipiki ya mtu mwingine kabisa. Alirudi pale akakuta fundi "ameenda kununua spare", na mpaka leo ananunua.

Kwa hivyo kabla ulipe jua injini yako ni gani. Skuta za GY6 ziko na chain, pikipiki za Boxer na HLX ziko nayo, hizi CG hapana.

Fundi (Morogoro)
Huyo wa Nairobi kanivunja mbavu ila anatuharibia jina 😂

Mkuu mtoa mada, valvu na cheni zinatofautishwa. Valvu zikiwa na nafasi kubwa zinalia tik tik tik kali, zinafuata mzunguko wa injini, ukivuta moto zinaenda kasi ila hazipotei. Cheni inalia pana, kama unatingisha funguo ndani ya kopo, na mara nyingi inatulia moto ukipanda. Kwa maelezo yako nasema cheni, lakini pima valvu kwanza maana ni kazi ndogo, injini ikiwa imelala usiku kucha, fila geji (kile kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.10 ipite kwa kukwaruza. Halafu toa tensheni, kile kifaa kinachokaza cheni, uangalie ule mti wake umetoka kiasi gani. Ukiwa umetoka karibu wote ujue cheni imevutika na tensheni haina pa kwenda tena.

Hapo ndipo ujanja mbaya unapoanza. Kuna mafundi wanachomeka washa au kinati ndani ya tensheni ili isukume zaidi. Kelele inakata palepale, mteja anatoa hela anacheka. Cheni sasa inavutwa kwa nguvu muda wote na plastiki inaliwa haraka kuliko mwanzo. Nimeshafungua injini ambayo ile plastiki imebaki chuma kitupu, na washa mbili zimekaa kwenye tensheni.

Kwenye kufunga: alama ya T ya magneti ikae sawa na alama ya kwenye injini, gia ya kemu ina tundu kubwa moja na madogo mawili, madogo yalale sawa na uso wa hedi na kubwa litazame nje. Tensheni irudishwe ndani kwanza kwa bisibisi nyembamba, ukishafunga ndio uiachie. Ukimaliza zungusha kwa mkono raundi mbili kamili, alama zikirudi palepale ndio uguse stata. Ikikwama mkononi usilazimishe.

Mdau (Mwanza)
Mimi yangu ni pikipiki ya 150, sio skuta, ila ugonjwa ni huo huo. Niliinunua mkononi kwa mtu, kelele ipo tayari, muuzaji akaniambia "ndio sauti yake hiyo". Nikapanda nayo mlima wa Bugando nina abiria na mzigo wake wa dagaa, ikapiga risasi moja kwenye ekzosi, ikazima. Ukipiga kiki inakuwa nyepesi haina kampresheni. Cheni ilikuwa imeruka meno, valvu ya ekzosi imegonga pistoni imepinda. Hela ya cheni ni ndogo, iliyoniumiza ni valvu, kusaga siti yake pale inapokaa, gasketi, na siku zote ambazo sikuingiza kitu. Abiria aliteremka akachukua boda nyingine hata pole hakusema, na dagaa wake walishamwagikia siti yangu.

Na oili jamani. Hizi injini ndogo zinameza kidogo, hiyo GY6 haifiki hata lita moja, ikipungua robo tu kule juu kwenye kemu kumekauka. Ile oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji mimi sigusi tena.

Mtoa mada
Nimefungua kichujio leo asubuhi. Vipande vipo, vyeusi, vitatu vikubwa na unga unga. Valvu fundi kapima ziko sawa. Kwa hiyo cheni. Swali la mwisho, nabadilisha cheni peke yake au na vingine? Dukani Kariakoo wananiambia seti nzima, nahisi wananipiga.

Fundi (Morogoro)
Cheni na plastiki zote mbili lazima, zako zimeshaliwa. Tensheni ikirudi na kutoka bila kukwama ibaki, badilisha gasketi yake tu. Gia ya kemu angalia meno, yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja hapo wamekuambia kweli.

Mdau (Unguja)
Nami naongeza, nenda na cheni ya zamani mkononi uhesabu pingili palepale kaunta. Ya 50 na ya 150 zinafanana ukiziona kwenye pakiti na zote wataandika GY6, ya 50 ni fupi. Na ukishaitoa ya zamani, mpya ifunge na waya juu isizame ndani, sie ilizama tukaivua na sumaku ya spika.

Mtoa mada
Sumaku ya spika ninayo 😂 Jumamosi naingia uani.