Makro za Excel maofisini: zizimwe zote, au tuachiwe zetu za kupimia mafaili?

Mtunza Stoo:
Wakuu, salaam. Ofisini kwetu watu wa TEHAMA wamezima makro za Excel, vile viprogramu vidogo vinavyokaa ndani ya faili na kufanya kazi vyenyewe, kwenye kila kompyuta, isipokuwa zao. Sababu ni virusi. Hapo sibishi: tangu 2022 Microsoft wenyewe wanazuia makro za mafaili yanayoshushwa kutoka intaneti. Ninachobishia ni kuzimiwa hata ile niliyoiandika kwa mkono wangu.

Faili letu la stoo lilifika MB 48. Ukilifungua, unaenda kununua maandazi na kurudi, bado linazunguka. Lawama zote zikaangukia picha za bidhaa. Nikaandika makro ya mistari kumi na kitu: inanakili shiti moja kwenye kitabu kipya, inasevu, inapima ukubwa kwa amri ya FileLen, inafuta, inahamia nyingine. Shiti ya Marejesho, yenye mistari 212 tu ya taarifa, ikatoka na MB 31! Kubonyeza Ctrl na End, nikatupwa mstari wa 1,048,576, mwisho wa shiti. Kumbe mtu aliburuta fomula za safu mbili mpaka chini kabisa, zile za "kama seli ni tupu, onyesha tupu". Nikafuta, nikasevu: MB 17. Bila makro ningejuaje?

Fundi Seva:
Ungejua vizuri tu, mkuu. Faili la xlsx, yaani la Excel ya siku hizi, ni zipu: mafaili kadhaa yaliyobanwa pamoja. Tengeneza nakala, badilisha jina liishie na .zip, ingia folda ya xl, kisha worksheets: kila shiti iko pale na ukubwa wake. Hakuna makro hata moja. Halafu ulichopima ni diski, siyo memori. Hiyo MB 48 imebanwa. Ukiifungua inavimba, na Excel ya biti 32 inagota GB 2 au GB 4, kutegemea toleo, hata mashine iwe na GB 16. Tena FileLen ukiiuliza kuhusu faili lililo wazi, inakupa ukubwa wa kabla halijafunguliwa.

Na hao virusi msiwachukulie poa. Aliyekesha akisafisha mashine za ofisi nzima kwa sababu ya ankara moja feki ni mimi.

Mama Takwimu:
Kwa zipu umeshinda, Fundi. Ila mle ndani mwenzetu ataona "sheet7", hataona "Marejesho".

Mimi nawakumbusha Uingereza, 2020. Wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye hesabu za Public Health England, shirika la afya ya umma la huko, kwa wakati, maana matokeo ya maabara yalipakiwa kwenye xls, aina ya zamani ya faili la Excel, ambayo shiti yake inaishia mstari wa 65,536. Yaliyozidi yakakatika kimyakimya. Makro ya kuhesabu mistari kabla na baada ya kupakia ingepiga kelele siku ileile. Mbona msiziwekee saini ya kidijitali, zenye saini ya ofisi ndizo zifanye kazi?

Fundi Seva:
Mama, mfano huo ni wangu! Waliokwama kule walikwama kwa kuifanya Excel hifadhidata. Na saini atatoa nani? Mimi, nikiwa nimeshasoma msimbo wa makro ya kila mtu mstari kwa mstari. Idara kumi na moja hizo, na mimi ni mmoja.

Mtunza Stoo:
Sasa Fundi, yangu ina mistari kumi na kitu, hata chai haijapoa umeshaimaliza. Hifadhidata tumeahidiwa tangu bosi aliyepita.

Basi leo nimejaribu zipu yako. Imekubali, ila nimebahatisha "sheet7" ni ipi, nikafungua mbili ambazo siyo. Faili limesharudi MB 29. Ni Marejesho tena, aliyeburuta kaburuta upya.