Mjadala: Je, mnara wa kijijini ulazimishwe kutegemea mtambo mkuu ili simu ihame bila kukatika?

Mleta mada: Wapo wanaodai kwamba mtandao wa 4G unaoendeshwa na wanajamii usipewe leseni mpaka uhakikishe mtumiaji anahama mnara hadi mnara bila mawasiliano kukatika, kama ilivyo kwa kampuni kubwa. Napinga. Kila mnara ujitegemee bila mtambo mkuu (mitambo ya kati inayoiongoza minara yote ya mtandao), uunganishwe na intaneti moja kwa moja, na kazi ya kudumisha mawasiliano iachiwe simu yenyewe pamoja na seva (kompyuta inayotoa huduma) inayowasiliana nayo.

Katika 4G ya kawaida, simu hupima mawimbi ya minara jirani na kuuarifu mnara unaoihudumia. Mnara huo ndio unaoamua, huomba nafasi kwa jirani, humsukumia pakiti (vipande vya data) ambazo bado hazijaifikia simu, kisha mtambo mkuu huelekeza data upande mpya. Anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha simu kwenye intaneti, haibadiliki, kwa kuwa imeshikiliwa na mtambo mkuu. Ndiyo maana msafiri wa Chalinze hadi Morogoro husikiliza redio ya intaneti bila kujua amepita minara mingapi. Lakini mpango huohuo humfanya mwanakijiji anayefungua seva iliyo katika shule ya jirani apitishie data yake mjini kwanza, na kiungo cha mjini kikikatika, mnara hubaki na umeme wake bila la kufanya.

Zamani tulikosa njia nyingine, kwa sababu TCP, kanuni ya zamani ya kusafirisha data kwenye intaneti, huutambua muunganisho kwa anwani na namba za poti (milango ya programu) za pande zote mbili. Anwani ikibadilika, muunganisho umekufa. QUIC, kanuni mpya zaidi ya kazi hiyohiyo, iliyochapishwa kuwa kiwango cha intaneti Mei 2021, huupa muunganisho kitambulisho chake: simu ikitokea na anwani mpya, seva huihakiki njia hiyo, na mawasiliano huendelea. Juu ya uwezo wa aina hii, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walipendekeza mwaka 2018 muundo wa minara inayojitegemea waliouita dLTE.

Mchangiaji: Ndugu mleta mada, upande wa data umeueleza vizuri, ila umepita mbio mahali penye ugomvi. Kwa kawaida simu haishiki minara miwili ya 4G kwa wakati mmoja. Huachia wa kwanza ndipo ishike wa pili. Mnara wako wa pili haumjui mtu huyu, kwa hiyo ataanza upya: laini itambuliwe, funguo za usimbaji zitengenezwe, anwani itolewe. Anayepakua faili hatagundua kitu, lakini anayezungumza atasikia kimya katikati ya neno, na kama ni mama anayeeleza hali ya mgonjwa, kimya hicho si jambo dogo. Tena QUIC huanza kupima upya kasi ya njia mpya, na programu zinazotumia TCP, ambazo bado ni nyingi, zitakatika palepale. Nao mwingiliano wa masafa, yaani mawimbi ya minara jirani kuvurugana, ataamua nani, ikiwa kila mnara ni mfalme?

Mleta mada: Ndugu, hoja ya sauti ndiyo nzito kuliko zote, nami siikwepi. Hata hivyo, viwango vya 4G tayari vina kiungo cha X2, ambacho minara miwili huzungumza kwacho moja kwa moja. Kupitia humo majirani wanaweza kupeana taarifa za simu inayohama na kuelewana juu ya mwingiliano wa mawimbi. Ninachokataa si ushirikiano wa majirani, ni kulazimisha kitovu pale ambapo jirani hayupo. Talea de Castro, huko Oaxaca nchini Mexico, ilianzisha mtandao wake wa 2G mwaka 2013, na simu za ndani ya mji zilikamilikia hapohapo. Sharti la kuhama bila kukatika lingewaongezea gharama tu. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwaka 2021 utaratibu wa leseni kwa mitandao inayomilikiwa na wanajamii, kwa hiyo suala hili si la nadharia. Anayefuata atuambie: sharti hilo lianze kudaiwa mtandao ukiwa na minara mingapi inayopakana, na nani ataligharamia?