Mavazi ya mfalme wa Malindi, 1498: satini ya dukani, pamba ya kufumwa kwa mkono, au hariri?

Sindano_ya_Mvita (Mombasa)

Assalaam aleikum jamaa. Nimepokea kazi ya kushona mavazi ya mchezo wa jukwaani. Onyesho ni mfalme wa Malindi anakutana na Vasco da Gama baharini, Aprili 1498. Watu tisa: mfalme, mzee mshika upanga wake, wapiga siwa (baragumu kubwa za sherehe) wawili, mshika mwavuli, na Wareno wanne.

Mwenye kazi kaniletea picha za harusi kwenye simu. "Kama hivi, fundi, lakini ya zamani." Kanzu ya darizi shingoni, joho la zari, kofia ya viua. Nikamwambia hizo nguo ni za zama za babu yangu, na huyu mfalme yuko nyuma yake miaka mia nne. Akasema basi wewe ndiye fundi, tafuta.

Nimebaki na njia tatu. Satini ya polista, ambayo ukishuka Biashara Street unaipata kwa kila rangi. Pamba iliyofumwa kwa mkono, ile ya vikoi vizito, niikate na kuishona. Au hariri yenyewe ya kuagiza India, na hapo pesa inatosha vazi moja tu, tena kwa kujibana. Nina wiki sita. Aliyewahi kupita njia hii aniambie.

BintiShela (Lamu)

Waaleikum salaam kaka. Bahati yako, hilo onyesho ni kati ya machache ya pwani yetu ambayo mtu aliyekuwepo aliandika nani kavaa nini. Ni daftari la safari ya da Gama, ambalo wengi humhusisha nalo Álvaro Velho, mmoja wa waliosafiri naye. Anasema mfalme alivaa joho la damaski lenye atlasi (yaani satini) ya kijani, na kilemba cha thamani kichwani. Alikaa kwenye viti viwili vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa mviringo wa atlasi nyekundu uliofungwa kwenye mti. Mzee mmoja alimbebea upanga mfupi wenye ala ya fedha.

Sasa hapa pako jambo la mshonaji. Tafsiri ya Kiingereza inayosomwa sana inafanya ile atlasi ya kijani iwe pambo la ukingoni. Lakini neno la Kireno ni *forrada*, na *forrada* ni nguo yenye bitana. Kwa hiyo kijani kiko ndani. Kinaonekana joho linapofunguka au mfalme anapoinua mkono. Ukikitia pindoni tu umeshona vazi jingine.

Na damaski ujue ni hariri ambayo maua yake yamefumwa ndani ya kitambaa chenyewe, yanang'aa na kufifia kadiri mwanga unavyogonga. Si maua ya kutariziwa juu. Kwa hiyo darizi za harusi ziweke kando.

Sindano_ya_Mvita

Dada, umenitoa jasho. Bitana nzima maana yake kitambaa mara mbili!

KapteniWaJukwaa (Dar es Salaam)

Mimi nitasema lile ambalo wapenda historia hawalipendi. Nunua polista. Mtazamaji wa safu ya kumi haoni uzi, anaona rangi na mwanguko wa nguo. Satini ya polista inafuliwa usiku, asubuhi imekauka, haihitaji pasi, na msanii akiikanyaga ikachanika unarudi dukani unapata ileile. Hariri ukiimwagia soda siku ya pili ya maonyesho utalia.

Kasoro zake nazijua. Inanata mwilini kwa jasho, na taa zikiwaka mng'ao wake ni wa kioo, mweupe, unapiga macho. Dawa ni kugeuza kitambaa, ule upande wa nyuma usiong'aa uwe nje.

mfumi_wa_zamu (Malindi)

Kapteni, upande wa nyuma wa polista nao unajulikana. Tatizo si mng'ao tu, ni uzito. Polista nyepesi hupepea, na joho la mfalme halitakiwi kupepea, linatakiwa kuning'inia. Mshike mtu mabegani, mvike pamba nzito ya mkono, mwambie atembee hatua kumi. Halafu mvike satini. Hata mwendo wake unabadilika.

Na usifikiri pamba ni ya kimaskini katika habari hii. Daftari hilohilo, kabla hawajafika kwetu, linaeleza watu wa Msumbiji: nguo za kitani chembamba au pamba, zenye mistari ya rangi nyingi, kazi ya ustadi, na vilemba vyenye taraza (ukingo wa urembo) ya hariri iliyotiwa nyuzi za dhahabu. Mistari, ndugu zangu! Hiyo ni lugha ya kitanda cha mfumi, chombo cha kufumia nguo. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Watu walikuwa wanasokota majumbani mwao.

Halafu kuna habari ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, anasema wafumaji wa huko walikuwa na pamba yao nyeupe lakini hawakuwa na rangi. Basi walinunua nguo za Cambay, mji wa India, za bluu na rangi nyingine, wakazifumua uzi kwa uzi, wakafuma upya kwa kuchanganya na uzi wao mweupe. Jana nimejaribu kufumua shali moja kuukuu ya pamba. Saa nzima nimepata donge dogo kama ndimu, na nusu ya uzi umekatika. Tangu hapo nawaheshimu.

Ushauri wangu: wapiga siwa, mshika mwavuli na mzee, wote pamba ya mistari ya mkono. Shuka kiunoni, kingine begani. Usishone hata mshono mmoja zaidi ya pindo, na pesa uliyookoa impe mfalme.

pwani_mpya

Hakuna picha hata moja ya huyo mfalme. Shona unachotaka, nani atakukosoa?

BintiShela

Mwenye kukukosoa ni yule mtoto wa darasa la saba atakayeona kanga jukwaani akaamini kanga ilikuwepo 1498. Kanga ni ya mwishoni mwa karne ya 19. Merikani, ile nguo ya pamba, nayo ni ya karne ya 19, imeletwa na meli za Marekani, jina lenyewe linasema.

Picha hatuna, lakini umbo tunaweza kulikisia. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa seti nzima ya mavazi: shuka ya hariri ya kufunga kiunoni badala ya suruali, kanzu ya kitani cha Misri, joho lenye bitana la kitambaa cha Jerusalemu, na kilemba cha Misri. Mwaka huohuo, Kilwa, fakiri wa Kiyemeni alimsimamisha Sultan al-Hasan bin Sulaiman akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sasa hivi, si kesho. Sultani akarudi, akabadilisha nguo katika nyumba ya khatibu, akampa. Fakiri akazifunga kwenye kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake.

Mimi nikiisoma hiyo kama mshonaji naona furushi. Nguo za vipande, za kufunga na kuvika juu kwa juu, zinazomfaa sultani na fakiri bila kupimwa. Kwa hiyo kaka, usibane kiuno, usiweke zipu, na mkono wa joho uwe mpana.

Ndiyo, ni miaka 167 kabla ya mfalme wako. Lakini shuka, kanzu, joho na kilemba ni msingi mzuri kuliko picha ya harusi.

chuma_na_moto (Hamburg)

Mimi ni Mtanga niliyehamia Ujerumani, na huku nimeangukia kwa watu wanaotengeneza deraya (mavazi ya chuma ya vita) za zama za kati kwa mikono yao. Wareno niachieni mimi.

Kofia kwanza. Najua mtataka ile yenye ukingo uliopinda kama jahazi na mshumbi juu kama wa jogoo. Hiyo ilienea katikati ya karne ya 16 na kuendelea. Kwa mchezo wa Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ni sawa kabisa. Kwa 1498 ni makosa. Wakati huo tumia kofia ya chuma iliyo wazi, laini juu, inayoteremka kidogo shingoni. Kwa kweli wengi wao wawekeeni kofia za kitambaa tu. Walikuwa wanakutana na mfalme kwa heshima, hawakuwa wanashambulia. Neno letu "chapeo" limetoka kwao, na kwao ni kofia ya kawaida. Sisi ndio tuliolifanya la chuma kwenye Biblia.

Fulana ya pete za chuma, kama lazima, iko kwa namna tatu. Ya kweli ina pete zilizofungwa kwa ribiti moja moja, ni zaidi ya pete 20,000, na ina kilo kumi hivi. Nimevaa. Uzito wote unakaa mabegani mpaka ufunge mkanda kiunoni, ndipo unapumua. Ya pili ni pete za alumini za kubana kwa koleo bila ribiti: nyepesi, lakini inang'aa kama sufuria mpya, na kila ukiruka pete tatu zinadondoka. Ya tatu ni ujanja wa watu wa jukwaani: chukua kamba ya pamba nene, ifume kwa sindano kubwa za sweta, mshono wa kawaida kabisa, usiukaze. Puliza rangi nyeusi mpaka izame. Ikikauka, chukua sifongo yenye rangi ya fedha kidogo sana, iguse juu juu. Mita tano tu huwezi kujua.

Kwa joto la Mombasa? Ya tatu. Tena mvike mmoja tu kati ya wanne.

KapteniWaJukwaa

Huyu wa Hamburg nimemkubali. Hiyo ya kamba nimeifanya, ila mwambieni fundi apulizie nje, na aianike siku mbili. Msanii wetu alipanda jukwaani akashuka na shingo ya fedha.

mwanafunzi_wa_nila (Zanzibar)

Rangi hamjaigusa. Rangi za kiwandani zimeanza baada ya 1856, kwa hiyo ile zambarau kali na pinki ya kuwaka ziondoeni. Nyekundu ya mwavuli isiwe ya gari la zimamoto. Nyekundu za zamani za mizizi na wadudu zina giza kidogo ndani yake, kama damu ya mzee au komamanga. Bluu ni nila, na hiyo hata ya kiwandani ukiipata kavu kavu inapita.

Mkitaka kupaka wenyewe, nimejaribu magome ya mkandaa kwenye pamba: yanatoa kahawia yenye wekundu na inashika vizuri. Manjano ya jikoni inatoa rangi tamu sana, lakini juani haimalizi wiki. Msiitumie labda kwa maonyesho mawili.

pwani_mpya

Haya, nimeshindwa. Ila mbona hakuna aliyetaja zawadi? Mfalme alipelekewa joho la Kireno, nyuzi mbili za marijani, beseni tatu za kunawia, kofia, kengele ndogo na vipande viwili vya nguo ya mistari. Naye akapeleka kondoo sita na viungo vingi: karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga, pilipili. Huo mzani unachekesha, uwekeni jukwaani. Na beseni zisiwe za plastiki.

BintiShela

Kumbe unasoma! Za shaba, zikwaruzwe kidogo. Viti pia visiwe vya enzi vya Lamu vyenye pembe za ndovu, maana daftari linasema shaba. Vya mbao vyenye rangi ya shaba vitatosha.

Sindano_ya_Mvita

Narudi baada ya siku nne. Nilikwenda kutafuta hariri nione kama kuagiza kuna haja. Duka moja nikaambiwa "hariri asilia, fundi, hii ni ya masultani". Nikaomba kipande cha vidole viwili, nikakitia kiberiti nje barazani. Kikajikunja, kikayeyuka, kikaacha shanga nyeusi ngumu na harufu ya ndoo ya plastiki. Hariri hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika. Nikamrudishia ile shanga mkononi, akacheka, nami nikacheka. Bei haikushuka.

Uamuzi wangu ni huu. Watumishi wote pamba ya mistari kutoka kwa mfumi, sishoni ila pindo. Joho la mfalme naagiza mita sita za hariri ya maua ya kufumwa, nyekundu iliyoiva, na pesa inaishia hapo. Bitana: mgongoni na makwapani bafta (pamba nyembamba) nitakayoipaka kijani, lakini mbele pote na ndani ya mikono mpaka kiwiko atlasi ya pamba ya kijani, maana hapo ndipo kinapoonekana akiinua mkono. Mwavuli tu ndio polista, upande wa nyuma nje, Kapteni ufurahi. Kilemba mita tano za pamba nyembamba, na taraza naishona mwenyewe.

Nimeshakata karatasi ya mkono. Nilipoivika juu ya kanzu na kuuinua, kijani kitaonekana kiganja kimoja na nusu. Naona inatosha, au niongeze?

mfumi_wa_zamu

Inatosha. Ukizidisha atafanana na kipepeo. Mistari njoo uchague rangi kabla sijatandika mtande, zile nyuzi za urefu, maana nikishatandika sibadilishi.

BintiShela

Swali moja tu, siwa mmezitengenezaje? Daftari linasema zilikuwa mbili, za pembe za ndovu, zimechongwa, urefu wa mtu, na zinapulizwa kwa tundu la ubavuni. Ile ya Pate iliyoko makumbusho ya Lamu pia hupulizwa ubavuni.

Sindano_ya_Mvita

Dada, tumetoboa mwishoni kama tarumbeta. Zote mbili, na rangi imeshakauka. Kesho asubuhi naenda kuziba.