Mwanasheria pekee katika kampuni ya hoteli: nianzie wapi?

Imeulizwa na MwanasheriaPaje

Assalaam alaykum wanasheria wenzangu.

Mimi ni mwanasheria pekee katika kampuni yenye hoteli mbili pwani ya mashariki ya Unguja, ambayo makao yake makuu yako Dar es Salaam. Mikataba yote niliyoikuta, ya wafanyakazi, ya wazabuni na ya mawakala wa watalii, imenakiliwa kutoka sampuli za makao makuu, na mara nyingi inanifikia ikiwa imeshatiwa saini, nikiombwa tu nithibitishe kuwa haina tatizo. Hivi karibuni mkuu wa utumishi ameniletea barua ya kumwachisha kazi mpishi mmoja. Barua hiyo inamtaka mpishi, iwapo hakuridhika, apeleke lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha Tanzania Bara, ilhali mtu huyu ameajiriwa Paje na hajapata kufanya kazi kwengine. Barua bado haijatoka.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Katika mikataba hii yote, kipi kinahitaji kurekebishwa mwanzo? Na nifanye nini ili nishirikishwe kabla ya saini, bila ya uongozi kuniona kuwa nazuia biashara? Meneja mkuu ni muungwana, lakini kwake yeye mwanasheria huitwa mambo yakishaharibika.

Jibu la MzeeWaVuga

Alaykum salaam, mwanangu.

Anza na hiyo barua, na izuie leo. Ajira haimo katika orodha ya mambo ya Muungano iliyo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya mwaka 1977, kwa hivyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo bila shaka ndiyo iliyotumika kuandika sampuli yenu, haimhusu mpishi wa Paje. Yeye anaangukia Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huo huo, zote za Baraza la Wawakilishi, na mgogoro wake unakwenda Kitengo cha Usuluhishi wa Migogoro hapa hapa Zanzibar. Fikiria mpishi huyo akifuata maelekezo yenu, akavuka bahari, akaambiwa kuwa Tume haina mamlaka, kisha akarudi kufungua shauri huku akiwa amechelewa. Mwajiri aliyempoteza njia kwa maandishi yake mwenyewe atasimama vipi kulalamikia ucheleweshaji huo? Na kabla ya yote, mtu huyo ana haki ya kuelekezwa mlango ulio sahihi.

Baada ya hapo chukua kila mkataba wa ajira uangalie unataja mfuko gani wa hifadhi ya jamii. Mara nyingi sampuli za Bara zinaandika NSSF, na hapa mfuko ni ZSSF. Vivyo hivyo katika fidia ya kuumia kazini na katika usalama wa kazini, kwani kila upande una sheria yake.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba yapo mambo ambayo hayabadiliki kwa kuvuka bahari. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hivyo kodi ya mishahara ya hoteli yenu inakwenda TRA, lakini kodi ya ongezeko la thamani kwa huduma za hoteli hapa inasimamiwa na ZRA, yaani Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Benki na sarafu ni za Muungano, lakini ardhi si ya Muungano. Kampuni nayo haihesabiki kuwa imeandikishwa hapa kwa sababu tu ina cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa Bara, kwani wakala wa usajili wa Zanzibar ni BPRA, na Sheria ya Kampuni inayotumika hapa ni Namba 15 ya mwaka 2013. Nakushauri utengeneze jedwali la ukurasa mmoja, upande huu uandike jambo, upande wa pili sheria inayolihusu na ofisi inayolisimamia, ulipeleke kwa meneja mkuu na kwa mhasibu. Ukurasa huo utakujengea heshima zaidi kuliko maoni ya kurasa ishirini.

Sheria ya mikataba itakupa utulivu, lakini usiuamini sana. Yetu ni Sura ya 149 ya sheria za Zanzibar na ya Bara ni Sura ya 345 ya sheria za huko, na zote mbili zimezaliwa na Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ndiyo maana maneno yake yanafanana sana. Mkataba ulioandikwa kwa sheria ya Bara unaweza kusomeka vizuri hapa kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu ukaja kukwama kwenye kifungu cha mwisho kabisa kinachosema mgogoro utasikilizwa wapi, au kwa kuwa haukulipiwa ushuru wa stempu unaostahiki na Mahkama ikakataa kuupokea kama ushahidi.

Jibu la WakiliChake

Namuunga mkono mzee wetu, nami nitajibu lile la pili, kwa sababu limenihangaisha kwa muda mrefu nikiwa katika kampuni moja huku Pemba.

Usiombe kuona kila kitu. Mwanasheria mmoja akiomba kuona kila kitu, ndani ya miezi michache meza yake inajaa, mikataba inachelewa, na uongozi unapata sababu nzuri ya kumkwepa. Omba bodi ipitishe azimio fupi linalotaja aina ya nyaraka ambazo hazitiwi saini bila ya wewe kuandika maoni: zinazogusa ardhi, zinazomwachisha mtu kazi, zinazoifunga kampuni kwa zaidi ya mwaka mmoja, zinazochagua sheria ya nchi nyengine, na zile zenye thamani inayozidi kiwango ambacho bodi yenyewe itakipanga. Nyengine zote ziandikie sampuli nzuri wewe mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili idara ijaze majina na bei bila ya kukusubiri. Kisha jifunge kwa muda. Ukisema utajibu ndani ya siku tatu za kazi, jibu ndani ya siku tatu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba unahitaji siku mbili zaidi na sababu ni hii.

Kwa hoteli, mkataba ambao ningeuweka mbele kabisa baada ya ajira ni ule wa wakala wa watalii anayejiwekea vyumba vya msimu mzima. Soma kifungu kinachosema vyumba asivyoviuza atavirudisha lini. Nimepata kuona mkataba ambao wakala alikuwa na haki ya kurudisha vyumba wiki moja tu kabla ya mgeni kufika, katikati ya Agosti, na asilipe chochote. Mkataba ule ulikuwa umepita kwa mkuu wa mauzo, kwa mhasibu na kwa meneja, na kila mmoja wao alikuwa ameangalia bei tu. Soma pia kifungu cha matukio yaliyo nje ya uwezo wa pande mbili. Mwaka 2020, ndege ziliposimama, mikataba mingi iligundulika kuwa inazungumzia vita na vimbunga lakini iko kimya kuhusu maradhi, na iko kimya zaidi kuhusu malipo ya awali: yarudishwe, au yasogezwe mbele hadi msimu unaofuata?

Jambo la mwisho, hudhuria vikao vya manunuzi na vya mauzo hata pale ambapo huna la kusema. Utasikia mpango ungali maneno, na hapo neno lako moja linatosha.

Jibu la KatibuWaBodi

Nakubaliana na WakiliChake juu ya azimio la bodi, lakini hili la kukaa katika kila kikao lina upande ambao hakuugusa. Kadiri mwanasheria anavyozidi kushiriki maamuzi ya biashara, ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kudai kwamba maandishi yake ni ushauri wa kisheria unaolindwa na siri ya wakili na mteja wake, yaani usiotolewa kwa lazima kwa wachunguzi au mbele ya Mahkama.

Ulinzi huu haufanani duniani kote. Uingereza, tangu uamuzi wa Mahkama ya Rufaa wa mwaka 1972 uliotolewa na Lord Denning, mwanasheria aliyeajiriwa na kampuni anapotoa ushauri wa kisheria analindwa kama wakili wa nje. Umoja wa Ulaya umekataa. Mwaka 2003 wakaguzi wake wa ushindani wa biashara waliingia katika ofisi za kampuni moja ya Uingereza iliyokuwa chini ya Akzo Nobel, kampuni ya kemikali ya Uholanzi, wakachukua nyaraka ambazo miongoni mwake zilikuwa barua pepe mbili kati ya meneja mkuu na mwanasheria wa kampuni, na tarehe 14 Septemba 2010 Mahkama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba barua hizo hazilindwi, kwa hoja kuwa mtu anayelipwa mshahara na kampuni hana uhuru alionao wakili wa nje, hata akiwa ameandikishwa kuwa wakili. Tarehe 31 Oktoba 2025 Mahkama ya Juu ya India nayo ilieleza kwamba mwanasheria aliyeajiriwa na kampuni hapati ulinzi ule wanaopewa mawakili.

Hukumu ya India haitufungi, lakini sheria zetu za ushahidi zina asili ya India, na wakili mwerevu wa upande wa pili hatachelewa kuinukuu mbele ya Jaji. Kwa hivyo, dada au kaka, andika kwa tahadhari. Ushauri wa kisheria uwe katika waraka wake peke yake, usichanganywe na maoni kuhusu bei au faida, na upelekwe kwa wale tu wanaouhitaji. Ikiwa wewe pia ni katibu wa kampuni, kumbukumbu za kikao ziseme kwamba bodi ilipokea ushauri wa kisheria, bila ya kuunakili. Jambo likinukia uchunguzi au kesi kubwa, mchukue wakili wa nje mapema, na maelekezo yatoke kwake. Na kikaoni useme, lakini usipige kura ya biashara wala usiidhinishe bei.

MwanasheriaPaje amejibu

Nawashukuru sana. Barua ya mpishi nimeizuia na mkuu wa utumishi amekubali tuiandike upya baada ya kusikiliza upande wa mpishi, jambo ambalo halikuwa limefanyika. Azimio la bodi naliandika. Limebaki moja: makao makuu yanataka kuiweka hoteli ya pili rehani benki kwa ajili ya mkopo wa mradi wa Bara, na wananiambia hati ipo kabatini. Nitazame nini?

Jibu la MzeeWaVuga

Itoe hati kabatini uisome, maana walioiweka wamezoea hati za Bara. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na dhamana yake iko kwa Rais wa Zanzibar, na mwekezaji kwa kawaida ana mkataba wa ukodishwaji wenye masharti ya matumizi na ya muda. Tazama miaka iliyobaki ikilinganishwa na muda wa mkopo. Tazama kama mkataba unaruhusu rehani, na kwa idhini ya nani, uitake idhini hiyo kwa maandishi kabla benki haijaandaa nyaraka zake. Hakikisha kodi ya ardhi imelipwa na risiti zipo. Kisha tazama jina la mkodishwaji herufi kwa herufi: je, ni kampuni iliyoandikishwa BPRA, au ni ile ya Dar es Salaam inayotaka mkopo? Ikiwa ni mbili tofauti, bodi ya kampuni yenye hati lazima ikae na ijiulize, kwa maslahi yake yenyewe, inapata nini kwa kubeba deni la mwenzake, na jibu hilo liwe limeandikwa katika kumbukumbu kabla ya mkurugenzi yeyote kushika kalamu.